Sakafu ya Mzee Pima

Baba mkubwa wangu ni mwashi, na mtaa mzima unamwita Mzee Pima kwa sababu ya lile pima maji lake ambalo halimtoki mkononi hata akienda kunyolewa. Ni ubao mrefu wenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya kichupa kuna kiputo cha hewa. Kiputo kikitulia katikati, sakafu imelala sawa. Kikikimbilia pembeni, bomoa uanze upya. Kwa baba mkubwa mambo yote ya dunia yalikuwa hivyo hivyo. "Kweli ni moja," alikuwa akisema. "Kitu kimenyooka au hakijanyooka. Mengine ni porojo."

Na alitutesa kwelikweli na hiyo kweli yake. Alimwambia bibi harusi, siku ya harusi yenyewe, kwamba gauni limemkaa vibaya mgongoni. Alikwenda kumjulia hali jirani aliyetoka hospitali, akamwambia kwamba amekuja kwa sababu ya majirani tu, kwani wao wawili hawajawahi kupendana. Ukimlalamikia anakujibu, "Msema kweli mpenzi wa Mungu," nawe unabaki kujiuliza Mungu naye anavumilia mangapi.

Karibu nyumba zote za mtaa wetu alizijenga yeye, na sisi tuliolelewa humo tuna mambo yetu. Mpira wa mtoto ukiangukia sebuleni hatuulizi umekwenda wapi, tunainama moja kwa moja chini ya kabati la kushoto. Vitanda vyetu vyote vimeelekeza mto upande wa kulia. Seremala wetu hakutengenezei kiti kabla hajakuuliza, "Kitatazama mlango au kitaupa mgongo?" Ukishamwambia, anapunguza miguu ya upande unaohusika, anakuletea kiti kilichotulia tuli. Mimi nilidhani maseremala wote wanauliza hivyo. Siku niliyotembelea mtaa mwingine nikaona mpira umesimama katikati ya chumba, niliuokota nikaubonyeza, maana nilijua umeharibika.

Sasa baba mkubwa ana binti, dada yangu huyo, na dada alipata mchumba. Kijana mpole, fundi wa kuweka vigae, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi hata akikusalimia. Wazee wake walikuwa waje Jumamosi kuonana na wazee wetu. Kijana akasema hataki kuja mikono mitupu, atawawekea wakwe vigae sebuleni, kazi na vifaa juu yake. Baba mkubwa alifurahi mpaka akamwita "mwanangu" mbele za watu, jambo ambalo sisi watoto wa ndugu yake bado tunalisubiri.

Kijana akaja na pima maji lake mwenyewe. Tukahamisha viti na kabati, akapiga magoti, akalilaza pima sakafuni, akalitazama. Akalisogeza, akalitazama tena. Kisha akainua uso.

"Baba, samahani. Sakafu inakwenda kushoto."

Mama mkubwa alikuwa jikoni, na hata sauti ya sufuria ikakoma. Baba mkubwa akasogea na pima lake mkononi. Alisimama ameupa mlango mgongo kama afanyavyo siku zote, akalilaza huku ile ncha yenye nyota aliyoichonga mwenyewe ikiwa mkono wa kulia, nao ndio utaratibu wake siku zote. Kiputo kikatulia katikati.

"Unaona?"

"Naona, baba. Lakini langu linasema vingine."

Hapo ndipo nilipopata burudani ambayo nisingeiuza kwa bei yoyote. Mzee Pima, yule wa kweli ni moja, alikunja mikono kifuani akasema, "Basi kila fundi na pima lake. Kwako imepinda, kwangu imenyooka. Kila mtu ana kweli yake."

Nikakohoa. Dada akanikanyaga mguu.

"Sawa, baba," kijana akasema, akapangusa vumbi magotini. "Mimi kwa maneno sina ubishi. Lakini vigae vitakataa."

"Hebu tugeuze pima lako tu, mzee," kijana akaongeza taratibu. "Ncha yenye nyota ije kushoto. Pima zima hata ukiligeuza linasema lile lile."

"Pima langu haligeuzwi kama godoro!" Baba mkubwa alinyoosha kidole mlangoni. "Nimejenga mtaa mzima na pima hili. Mtu asiyeheshimu sakafu yangu hawezi kumheshimu binti yangu. Kusanya vifaa vyako. Na Jumamosi wazee wako wasijisumbue."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini wakati huo sikuwa nikicheka tena, kwa sababu dada alikuwa amelishika begi la zana la mchumba wake kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka. "Mwambie imenyooka," akamsihi. "Neno moja tu. Kwani utapungukiwa nini?"

Kijana alimtazama dada, akaitazama sakafu, akamtazama mzee. Alifungua mdomo. Nilimwona jinsi alivyojitahidi, maskini. Halafu akaufunga, akaanza kuingiza mwiko wake begini.

Ndipo mama mkubwa akatoka jikoni na ndoo ya maji. Hakumtazama mtu. Akaimwaga ndoo yote pale katikati ya sebule, kisha akaenda zake kwenye kona ya kushoto, akachuchumaa na tambara mkononi, akangoja.

Maji yakamfuata. Yalipita kando ya pima la kijana, yakapita chini ya pima la mzee, yakaenda moja kwa moja hadi miguuni pake kama kuku waliosikia mtama.

"Nadeki nyumba hii tangu tuhamie," alisema. "Hapa ndipo ninapoyangojea kila siku. Ulidhani naipenda kona hii?"

Baba mkubwa aliyatazama yale maji. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwezi ule ule tulipohamia. Ukaniletea pima, ukaniambia nadeki vibaya."

Mzee aliinama, akalichukua pima lake, akaligeuza, nyota ikaja kushoto. Kiputo kikakimbia mpaka mwisho wa kichupa. Aliligeuza tena, na tena. Kisha akatuambia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba zamani, kabla hajajenga hata nyumba moja ya mtaa huu, pima lile lilimponyoka juu ya ukuta, kichupa kikachomoka, akakirudisha kwa gundi. Alikirudisha vizuri, alidhani.

"Mtaa mzima," akasema, akakaa chini kwenye maji. Nilimwonea huruma.

Kijana alitoa mwiko begini. Alisawazisha sakafu kwa saruji, akaweka vigae, na kufikia Jumamosi sebule ilikuwa imelala sawasawa. Tukarudisha kabati na viti. Na viti, kwa kuwa ni vya seremala wetu, vyote vikainamia upande wa kulia.

Wazee wa kijana wakaingia, wakakaribishwa, wakakaa. Mjomba wake, mtu mnene mwenye heshima zake, alianza hotuba akiwa amekaa wima na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kulala, mpaka alipofika kwenye "familia zetu mbili" bega lake lilikuwa begani kwa mama mkubwa.  Dada alifumba macho.

Baba mkubwa akasimama. "Wageni wetu," alisema, "sakafu hii imenyooka, kaiweka kijana wenu. Viti vimepinda kwa sababu vilitengenezwa kufuata sakafu yangu, na yangu ilikuwa imepinda. Kijana wenu aliniambia, nikamfukuza. Namwomba radhi mbele yenu, na binti yangu, kama bado mnamtaka, yuko tayari kuwasikiliza."

"Ahsante, ndugu," akajibu mjomba mtu, akijivuta kwa shida kutoka begani kwa mama mkubwa. "Nilikuwa naogopa ni mimi." Akacheka yeye kwanza, kisha chumba kizima, na mambo yakaisha vizuri.

Asubuhi yake nilipita kusaidia kurudisha vyombo. Nilimkuta mama mkubwa amemwaga maji sebuleni na kwenda kuchuchumaa kwenye kona yake ya kushoto, kwa mazoea tu. Maji yalibaki pale pale katikati, hayakwenda popote. Akabaki anayangoja.

Baba mkubwa alimtazama kutoka mlangoni. Akavua viatu, akaenda akamtoa lile tambara mkononi.

"Kaa kwenye kiti," akamwambia. "Hayaji tena. Nitayafuata mimi."