Majani ya Nyuma ya Nyumba

Mama Kabedi alikodolea macho kichupa chenye maji ya zambarau. Modeste, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akizunguka mtaa wao wa Kolwezi kuchunguza dawa za miti, alidondosha humo matone mawili ya dawa ya majani machungu aliyoichemsha mama huyo. Zambarau ikafifia, ikawa manjano.

"Umeona, mama? Iko na nguvu. Mwilini kunaingia kitu kama kutu ya chuma. Majani haya yanaizuia."

Kabedi akapumua. Binti yake Joyeuse alikuwa na mimba ya miezi minane na upungufu wa damu, na mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Asubuhi na jioni alimnywesha kikombe kizima cha dawa hiyo.

"Unachuma wapi?" Modeste akauliza.

"Nyuma ya nyumba, pale penye rundo la mchanga wa mgodi. Yanastawi sana."

Modeste akaacha kuandika. "Pale hapana, mama. Mti unaweza kunyonya madini ya udongo. Usimupe kwanza."

"Si maji yamegeuka manjano?"

"Hayo yanapima ile kutu tu. Madini hayawezi kuyaonyesha. Nitatuma majani Lubumbashi, majibu yatakuja kisha mwezi mmoja."

Kisha mwezi, mtoto atakuwa ameshazaliwa! Kabedi hakuelewa jani moja litamlindaje mtu na kumdhuru kwa wakati mmoja. Alikwenda sokoni kwa Huguette, muuza dawa, akashika fungu la majani yale yale.

"Haya umetoa wapi?"

"Porini."

"Pori gani?"

Huguette akacheka hadi akashika kiuno. "We mama! Majani nayo unayaomba paseporti?"

Kabedi alirudi nyumbani mikono mitupu. Joyeuse alikuwa ameketi kizingitini, miguu imevimba.

"Mama, dawa yangu iko wapi?"

"Leo hakuna."

"Juzi ulisema nikiacha, damu itaisha."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa mi sijui, mwanangu."

Dawa ya jana ilikuwa bado kwenye sufuria, nyeusi, ikinukia kama siku zote. Kabedi aliibeba hadi uani, akasita, akairudisha jikoni, akaibeba tena. Mwishowe akaimwaga.

"Vaa kitenge. Tunaenda zahanati ya masista, bapime damu."

"Na bakisema imepungua kwa sababu sikunywa?"

Kabedi alikuwa ameinama akitafuta kandambili zake chini ya kitanda. Alipozipata, alimshika binti yake mkono, wakatoka.