Wimbo wa Kiti cha Baba

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga kwa ajili ya kipaimara changu, nikiwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa na beti mbili: baba rudi, kiti chako hakuna anayekikalia, chai yako mama ameifunika. Baba alikuwa dereva wa lori, na alituambia kazi imemhamishia Tunduma, mbali kule mpakani. Kwenye simu aliapa kwamba siku hiyo atakuja. Nami nikaapa sitauimba mpaka nimwone amekaa.

Nyumbani Moshono turubai lilifungwa tangu asubuhi. Mshereheshaji aliniuliza mara tatu kama nitaimba, nikasema tumsubiri. Keki ikakatwa, ndafu ikaliwa ikabaki mifupa, wageni wakaaga, na mimi bado nimekaa na gauni langu jeupe kama mjinga.

Kesho yake binti wa jirani alinionyesha picha kwenye simu. Baba, suti mpya, shada la maua la mzazi shingoni, amemkumbatia msichana wa rika langu mwenye gauni jeupe. Kipaimara cha Engutoto, Jumapili ileile. Dakika kumi kwa bodaboda! Tunduma gani hiyo? Nilimpelekea mama simu. Aliitazama, akanirudishia.

"Nilijua, mwanangu."

Mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyeniumiza zaidi.

Nilichukua daftari la wimbo ule nikaanza kufuta maneno. Kiti nikakiuza, chai nikaimwaga, mlango nikautia komeo. Kila wimbo niliotunga baada ya hapo ulikuwa na mlango uliofungwa. Wenzangu wa kwaya ya vijana walikuwa wakiyapunguza makali maneno yangu kabla ya kuyaimba, nami nikiwacheka.

Mwaka jana baba alikuja kwangu na kaka yake, baba mkubwa, mkononi ameshika jani la sale. Kwetu Wachaga anayekuletea sale anaomba msamaha, na hukatai. Nililipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako aliniambia uliwahi kunitungia wimbo. Niimbie."

Nikauimba ule wa zamani, neno kwa neno, kiti na chai na vyote. Alilia mpaka baba mkubwa akamshika bega. Nilisubiri na mimi nilie. Nilichokuwa nikiwaza ni maharage niliyoyaacha jikoni, kama hayajaungua.