Waya wa Fundi Woga

Kazi yake ilikuwa kutengeneza miavuli ya makuti, ile ya nguzo moja inayosimamishwa uani watu wakae kivulini. Jina la utani lilikuwa Fundi Woga, na wala hawakumsingizia. Mama huyu aliogopa moto. Aliogopa kiberiti, aliogopa sigara ya mpita njia, na mkaa ukitatarika jikoni kwake mwenyewe moyo ulimpasuka. Nyumba ya utoto wake ilikuwa ya makuti, ikateketea mchana kweupe mama yake akiwa ndani. Tangu hapo alijua kwamba moto wa makuti haukupi nafasi ya kumaliza kuita jina la mtu.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Yeye ung'ongo huo, ukuti mkavu wa mnazi, ndio uliomlisha. Hakufundishwa kazi nyingine, na kazi mbaya si mchezo mwema. Basi akabuni kinga yake. Kila mwavuli aliouezeka, makuti yote yalishikiliwa kileleni na pini moja ya chuma, na kwenye pini alifunga waya mrefu ulioning'inia hadi chini na kutambaa mpaka ukingoni mwa ua. Ukiuvuta, pini inachomoka na makuti yote yanateleza upande wa anayevuta. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimuuliza kama mwavuli wake ni mbuzi, mbona kaufunga kamba.

"Kwa mwoga huenda kicheko," aliwajibu, "kwa shujaa huenda kilio."

Siku moja mwenye mgahawa alimwita, akamwonyesha pa kuuweka: mbele ya mlango wa chumba cha kupikia, palipokuwa na jiko kubwa la mkaa la kuchomea nyama.

"Mchomaji wangu anaungua jua, fundi."

"Bwana, hapa siweki. Chagua kule ukutani."

"Usipoweka wewe, ataweka mwingine."

Hapo ndipo hofu ilipomkaba. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliosha vyombo ndani ya chumba kile cha kupikia, nacho kilikuwa na mlango mmoja tu. Fundi asiyeogopa asingefunga waya. Akakubali kwa woga ule ule uliomfanya akatae. Alichagua nguzo ngumu, akaichimbia shimo refu, akashindilia mawe na zege, akaezeka makuti juu kabisa kuliko desturi. Waya akaujaribu mara nyingi hadi mwenye mgahawa akachoka kumwangalia.

Binti ndiye aliyeona aibu. "Mama, wateja wanajikwaa. Wananiita mtoto wa woga."

"Waache waite. Waya usiguswe, mwanangu. Nakuomba."

Binti aliitikia, kama watoto wanavyoitikia. Mama alipogeuza kisogo, aliuzungusha waya kwenye nguzo, juu mpaka chini, nadhifu kama uzi kwenye kibiringo.

Upepo ulivuma adhuhuri ya siku iliyofuata, fundi akiwa njiani kwenda kukagua mwavuli wake, kama alivyozoea. Aliusikia ule mngurumo wa moto kabla hajaona chochote. Cheche zilikuwa zimeshika makuti. Wateja walitimua mbio huku wamebeba sahani zao. Makuti yaliyokuwa yakiwaka yalining'inia mbele ya mlango, na nyuma yake sauti ya binti ilipiga kelele, "Mama!"

Fundi alikimbilia ukingoni mwa ua. Waya haukuwepo. Aliutafuta mchangani kwa mikono, kisha akauona, umezungushwa kwenye nguzo katikati ya moto. Alitaka kukimbia, na tusimfichie: miguu yake iligeuka kweli, ikaenda hatua kadhaa kuelekea barabarani. Alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto mdogo. Akiwa analia vivyo hivyo akageuka tena, akajitanda kanga kichwani, akaingia.

Waya ulikuwa wa moto. Aliufungua mzunguko baada ya mzunguko, majivu yakimdondokea mabegani, akirudi kinyumenyume kila ulipolegea. Ulipokwisha kufunguka wote akavuta kwa uzito wake wote. Pini ikachomoka. Makuti yakashuka kwa kishindo upande wake, yakaanguka mchangani karibu kabisa na miguu yake, na mlango ukabaki wazi.

Watu walimwaga maji na mchanga. Walimkuta ameketi chini, macho kayafumba, ameushika waya kwa mikono miwili na bado anavuta. Mwenye mgahawa alimsemesha, hakusikia. Mchomaji alijaribu kumnyang'anya waya, fundi akaung'ang'ania zaidi.

Binti alipiga magoti mbele yake, akaanza kumfungua vidole vilivyoungua, kimoja kimoja, machozi yakimtiririka.

"Achia, mama," alisema. "Nimeshatoka."