Kompyuta Iliyoikana Diski Yake

Zamani kitu kikiharibika kiliharibika mbele ya macho yako, ukanusa pale palipoungua. Siku hizi kinaharibika asubuhi, kinapona mchana, na ukimwita fundi kinajifanya hakijawahi kuumwa.

Hayo yalimfika mzee mmoja aliyetengeneza redio miaka arobaini na moja, hadi mtaa mzima ukamwita Mawimbi. Kibandani mwake bisibisi zilipangwa kwa urefu, na kila redio ilifungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kisha watu wakaacha kutengeneza, wakajifunza kutupa. Kibanda sasa kinauza vifuniko vya simu.

Kilichombakia ni picha. Mkewe na mtoto wao wa kwanza, wote wawili marehemu, walikuwa kwenye albamu moja, nayo ikaingiwa na mchwa. Binti yake, mtoto wa pili, alizipiga picha zote upya, akaziingiza kwenye kompyuta ya sebuleni, akaichoma albamu pamoja na mchwa wake.

"Humu hakuingii mdudu, baba," alisema.

Asubuhi moja kompyuta iliwaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii, na mstari mmoja tu wa maandishi. Binti akausoma: diski haionekani.

"Haionekani vipi na imo humo humo? Imekwenda sokoni?"

"Kompyuta ndiyo haiioni, baba. Na picha zote zimo kwenye hiyo diski."

Mchana ikaonekana. Kesho yake ikapotea. Akaitwa fundi wa kompyuta, mwanamke mnene, mcheshi, mkoba mgongoni. Alipoiwasha tu, ikawaka bila kinyongo.

"Mzee, mgonjwa wako mzima kabisa. Labda ananiogopa."

"Kaa naye siku tatu, mama, utamjua."

Fundi alibadilisha waya wa diski. Siku mbili, ikapotea. Akauhamishia waya tundu jingine, ikapotea. Akaleta kifaa kipya cha kuipa umeme, ikapotea tena. Mwishowe akainamisha sikio, akasikiliza, uso ukamsawajika.

"Ugonjwa umo ndani ya diski yenyewe. Keshokutwa naleta mpya, tuzihamishe picha zote kwa mkupuo. Mpaka hapo msiiwashe. Ina pumzi za kuhesabu, mzee, tusizimalize kwa kuchungulia."

Mawimbi aliitikia. Lakini kesho yake, binti akiwa kazini, alizunguka kile chombo kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa. Maisha yake yote hakuna kifaa kilichomwambia asubiri. Akaiwasha. Mstari uleule. Akazima, akawasha. Mstari.

Akafungua ubavu wa boksi kwa bisibisi yake. Diski ilikuwa kipande cha chuma kilichozibwa pande zote. Hapakuwa na lehemu ya kukagua wala waya wa kunusa. Mikono yake ilikosa pa kushika. Basi akafanya alilofanya mara elfu kwa redio inayokatikakatika: akaigonga kwa mpini wa bisibisi, polepole, akitafuta kiungo kilicholegea.

Akawasha tena. Diski ikaonekana.

"Si nilijua!" akasema peke yake. Akafungua picha moja. Alipotaka ya pili, kompyuta ikaganda. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Ndani kukalia *krrr*, kama msumari juu ya sahani, kisha kimya.

Fundi alifika siku aliyoahidi, diski mpya ikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Umeigonga, mzee?"

"Nimeigonga."

"Ikiwa inazunguka?"

"Redio ndivyo tulivyozitafuta."

"Hii si redio, babu yangu. Ndani mna sahani inayokimbia na sindano inayoelea juu yake. Ukiigonga, sindano inaichana." Akairudisha diski mpya mkobani. Hakucheka.

Binti alikaa kwenye mkono wa kochi, hata hasira hana. Baadaye akauliza:

"Hata moja hukuiona?"

"Ile ya studio," Mawimbi alisema. "Mama yako kaketi kwenye kile kiti kirefu, kampakata kaka yako. Mtoto kavua kiatu, anakitafuna. Mama yako kakaza uso, maana mpiga picha alimkataza kucheka, lakini shavu la kushoto limeshamsaliti."

Hivyo ndivyo alivyowaona kwa mara ya mwisho.