Daktari na Mistari Yake

Daktari huvua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, na wenzake huwataka wavue pia. Hapo mezani, katika maabara yao ya Nyegezi, pana vioo viwili na mwanga wa leza. Kwa vioo hivi wanaijaribu kazi ya vioo vitakavyorushwa angani, kila kimoja na setilaiti yake, vitazame nyota moja bila kutetemeka hata kidogo. Vikitulia, miale yake ikikutana huchora mistari ya mwanga. Vikitikisika, mistari hufutika, na mama huyu humgeukia mwanafunzi wake, Selina.

"Umepumua, wewe."

"Sasa nisipumue, Daktari?"

"Pumua kistaarabu, mwanangu."

Feni ameizima. Saa ya ukutani ameing'oa, eti inapiga kelele. Skrubu huzigusa kama anashika kifaranga.

Selina alitaka dakika nzima tu ya mistari iliyotulia, airekodi. Bila hiyo kesho hana cha kuonyesha mbele ya jopo la watahini, na mwaka ataurudia. Wiki nzima wamekosa. Leo mistari ikasimama, safi kabisa. Selina akabana pumzi. Ndipo bibi anayefagia jengo akafungua mlango.

"Hodi humu!"

Selina alimsihi Daktari kwa macho: nyamaza, kwa leo tu. Daktari akasukuma kiti, kikalia kwaa, akapiga goti sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje?"

"Salama, mama. Wajukuu hawajambo?"

Wajukuu wakaulizwa mmoja mmoja. Mezani hakukuwa na mstari hata wa dawa.

"Daktari, jamani!"

Daktari akamgeukia kwa ukali. "Na wewe mbona hujamwamkia?"