Mpira Uliolala Kwenye Kopo

Saa moja na robo asubuhi, malori ya kwenda Iringa yanapita Mikumi yakikoroma, na Marciana Shilinde anakata mpira wa mafuta wa gari la mtu kwa msumeno wa chuma. Mpira wenyewe ni mpya kabisa. Nje umefumwa kwa nyuzi za chuma zinazong'aa, na mwenye mali amesimama pembeni, mikono kichwani.

"Jamani mama fundi, unaniua!" analalamika Ashrafu (26). "Huo nimeuagiza Dar."

"Kipande cha urefu wa kidole tu, mwanangu. Utabaki wa kutosha."

Ashrafu ametoka Kilosa na gari dogo jeupe analolitengeneza kwa ajili ya dragi, zile mbio za magari mawili kuondoka pamoja na kushindana kwenye mstari mmoja ulionyooka. Jumatano ndiyo hii. Mbio ni Jumapili, nje ya Morogoro, na kilichobaki ni mpira wa kupeleka mafuta kutoka tangi la nyuma hadi kwenye injini.

Mpira huo ndiyo kazi ya Marciana. Ana miaka 41, na kwa kazi ya namna hii hutoza shilingi elfu arobaini. Kila mpira unaoingia gerejini kwake, hata uwe na maandishi ya dhahabu, lazima ulale kwenye kopo kwanza.

Makopo ni mawili, ya maziwa ya unga, yana mifuniko na hukaa kivulini, mbali na mashine ya kuchomelea. La kwanza lina petroli ya kituoni. La pili lina mafuta yaleyale ambayo gari litayatumia mbioni. Ashrafu ameyaleta kwenye kidumu cha lita moja: petroli iliyochanganywa na spiriti, ili injini ipate nguvu zaidi.

"Watu wanapima mpira kwa mafuta ya kawaida, halafu siku ya mbio wanamimina mengine," anasema Marciana akikigawa kipande na kutumbukiza nusu huku, nusu kule. "Njoo Ijumaa."

Mafundi wenzake humtania kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakatai. Nyoka mwenyewe anamfahamu kwa jina.

Miaka minane iliyopita, pikapu ya mdogo wake, Seni, ilivuja mafuta wakati wa mavuno ya miwa Ruhembe. Duka la vipuri lilikuwa mbali, lakini pampu ya kupulizia dawa ya magugu, nyumba gani ya Ruhembe haina? Marciana akakata mpira wa pampu. Unene uleule, weusi uleule. Akaufunga, gari likawaka, akasifiwa.

"Nilisema mpira ni mpira," anakumbuka. "Ulinyonya petroli wiki tatu, ukalainika, ukapasuka."

Pikapu iliungua yote. Seni alitoka akiwa hai, miguu yake miwili imeungua kuanzia magotini kushuka chini. Alilala hospitali miezi minne.

Kinachomuuma zaidi Marciana ni kwamba alikuwa ameshafundishwa. Baba yao, mfugaji aliyehamia Kilosa na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, hakuwahi kufunga dume kwa kamba aliyoinunua siku hiyohiyo. Aliiloweka, akaianika, kisha akaifungia ndama kwanza. "Nimekua nikiliona jambo hilo kila mwaka. Nikaja kumfungia mdogo wangu kamba isiyojaribiwa."

Seni hakumlaumu hata siku moja. Ila tangu hapo hajampelekea dada yake kitu cha kutengeneza. Akanunua pikipiki, na ikiharibika anaipeleka Kidodi. Akija Mikumi anapita mbele ya gereji, anapunga mkono, anaendelea na safari. Marciana anasema afadhali angemtukana.

Ijumaa Ashrafu anarudi mapema. "Shikamoo mama fundi."

"Marahaba. Shika hiki, kisha shika na hiki."

Kipande cha petroli kimetoka kama kilivyoingia. Cha pili, kwa nje, ungeapa ni kizima, bado kinang'aa. Ndani kimevimba mpaka tundu limebaki nusu, na Ashrafu akikwangua kwa ukucha anapata vipande vyeusi.

Fundi anamweleza bila kupamba: mpira utapita karibu na ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto kali, pampu itasukuma kwa nguvu, na ukipasuka mafuta yatamwagika juu ya moto naye amefungwa mikanda kitini.

"Lakini mbio zenyewe ni sekunde kumi na tatu tu, mama! Mpira hauwezi kuvumilia sekunde kumi na tatu?"

"Seni alikuwa amebakiza mita mia mbili kufika kwake."

Kijana ananuna. Anasema fundi si yeye peke yake duniani, na mpira atafungiwa kwingine.

"Kafungiwe," anajibu Marciana. "Ila kwanza pita Ruhembe ukamsalimie mdogo wangu. Mwambie nimekutuma uione miguu yake."

Anaondoka kwa hasira, na vumbi juu. Kwa mujibu wa Ashrafu mwenyewe, alikwenda ili aweze kusema amekwenda. Seni alimkaribisha uji, akasikiliza habari ya mpira na makopo mawili hadi mwisho, kisha akapandisha suruali mpaka magotini.

Jumapili mbio zinapigwa bila gari jeupe. Jumanne Ashrafu yuko tena gerejini, na mpira mwingine ambao ndani yake ni plastiki ngumu, nyeupe, inayostahimili spiriti. Safari hii anaukata mwenyewe na kuutumbukiza mwenyewe. Mbio nyingine ni mwezi ujao, na Marciana amealikwa kwenda kutazama.

Kisha kijana anakumbuka jambo, anatoa mfukoni kifurushi cha gazeti. "Hiki nimepewa Ruhembe."

Ndani mna mpira mpya wa mafuta, mwembamba, wa pikipiki. Seni ameagiza kwa maneno machache: dada aulaze kwenye kopo.

Marciana anaugeuzageuza, macho yamejaa machozi, wala hayafichi. Anatafuta kopo la tatu, anakata kipande, anafunika. Mpira uliobaki anautundika msumarini, juu ya meza yake.

"Ukiamka salama," anasema, "huu nitakwenda Ruhembe kuufunga mwenyewe."