Bi Pamba na uyoga uliokataa sukari

Saa mbili asubuhi, Bi Pamba anatundika kitambaa chekundu kwenye kitasa na kujifungia chumbani. Nyumba nzima inajua maana yake: asiitwe, asisalimiwe, asiulizwe chumvi iko wapi. Anapitisha sindano ndefu kwenye moto wa taa ya spiriti, kisha anabana pumzi. Pumzi ina vijidudu, na anachokihamisha kutoka chupa hadi chupa ni kipande cha nyuzi nyeupe za uyoga, kidogo kama punje ya mchele.

Mama mkwe wake, aliyeketi nje ya mlango, hakijali hicho kitambaa. "Mwanangu, chai umekunywa lakini?"

 Bi Pamba anajikaza asicheke.

Jina la utani alipewa na majirani kwa sababu ya pamba ya kuzibia chupa, inayonasa kwenye nywele zake hata akienda msibani. Huotesha mbegu za uyoga, yaani nyuzi hizo za kupandia, na kuwauzia wakulima wa mtaani. Uyoga wenyewe ulianzishwa na mumewe, aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

"Yeye hayupo, ila alichokishika kwa mkono wake bado kinaota," anasema.

Mwaka jana nusura kife. Nyuzi zilikonda, zikaanza kuwa njano. Chakula chake kilikuwa kilekile siku zote: maji ya viazi yaliyogandishwa kama jeli, na sukari kidogo.

"Nikauonea huruma. Nikasema huu una njaa, nikazidisha sukari. Ukasinyaa. Nikajaribu pumba nyingi, ukaja ukungu wa kijani ukameza chupa zote isipokuwa moja. Kumbe nilikuwa nauua kwa mapenzi."

Alikaa sakafuni akalia. Mama mkwe akamkuta hapo, akaketi naye.

"Mgonjwa hubembelezwa kwa chakula cha kwao," mama huyo anakumbuka kumwambia. "Marehemu mwanangu aliuokota kwenye gogo la mparachichi hapo nyuma. Nilimgombeza kwa kuniletea uchafu jikoni."

Bi Pamba alichanja matawi makavu ya mti huo, akayachemsha, na maji yake akayachanganya na ya viazi. Sukari akaipunguza, akaitia kwa kijiko cha chai tu. Nyuzi zilikawia, kisha zikatambaa, nene na nyeupe, hadi ukingoni mwa chupa.

"Tuliiangalia ile chupa kama mtoto aliyelala," anasema mama mkwe, na kugeukia pembeni kujifuta macho.

Sasa Bi Pamba ana mpango ambao wenzake wa biashara wanauona wa kijinga. Anataka kuwafundisha wanawake sita wa mtaani kuotesha mbegu, na kumpa kila mmoja chupa ya uyoga huo, bure.

Anaulizwa kama haogopi kujiharibia soko.

"Mume wangu alikuwa mmoja," anajibu. "Alipoondoka, sikuwa na nyumba ya kwenda kumwomba mwingine. Uyoga huu ukinifia, nitabisha hodi kwa jirani."